Nani alishika jembe, nani alikunywa maji

Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, mboga hulimwa juu ya matuta ya ngazi, kisha hupakiwa na kushushwa kwenda Morogoro mjini na Dar es Salaam. Mkulima wa huko akikata tuta, anajua kwa nini analikata. Ukivuka kilele na kushukia upande wa mashariki, Matombo, neno hilohilo linaamsha kumbukumbu nyingine. Julai 1955 umati ulikusanyika huko kukataa matuta. Polisi walitumwa, na mtu mmoja akapoteza maisha.

Mlima ni mmoja na jembe ni moja, lakini upande mmoja tuta ni riziki na upande wa pili lilimwaga damu. Mwalimu wa historia anayefundisha chini ya milima hii awaeleze nini wanafunzi wake?

Swali hili lina uzito mpya. Mitaala iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na somo hilo hufundishwa kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari alisoma historia ya babu zake kwa Kiingereza, akaikariri kwa pointi, akaiandika kwenye karatasi ya mtihani, akaisahau. Sasa anaweza kuisoma kwa lugha anayoitumia kumuuliza bibi yake. Jina la somo limeweka historia na maadili pamoja, na hapo ndipo penye fursa na penye hatari. Tunaweza kuwafundisha watoto kupima mema na mabaya kwa ushahidi. Tunaweza pia kuwapa orodha ya mashujaa na wabaya, kisha tukadhani tumewafundisha haki.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba historia chungu hufundisha haki pale mwanafunzi anapopewa maswali ya kupimia na ushahidi wa kupima. Akipewa hukumu iliyokwisha kuandikwa, hata ikiwa ya kweli, ataibeba kama mkulima wa 1955 alivyobeba amri ya matuta. Ataitekeleza akiwa anasimamiwa, na msimamizi akiondoka ataitupa. Kisa cha Uluguru ni mahali pazuri pa kuionyesha hoja hii, kwa hiyo tuanzie hapo.

Kilichotokea Uluguru

Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilitazama miteremko ya Uluguru ikaona hatari. Watu walikuwa wengi, mashamba yalipanda juu, udongo ulikuwa ukisombwa na mvua. Milima hii ni chanzo cha mito, ukiwamo Ruvu ambao hadi leo ndio tegemeo kubwa la maji ya Dar es Salaam. Hofu ya maofisa haikuwa ya kubuni. Udongo ulikuwa unaondoka kweli.

Dawa waliyoileta iliitwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Wakulima waliamriwa kukata matuta kwenye mashamba ya miteremko, waache kuchoma mabaki ya mimea, na waheshimu mipaka ya maeneo yaliyofungwa. Aliyeshindwa kutimiza kipimo chake aliitwa mbele ya baraza na kutozwa faini. Amri ilitoka kwa ofisa wa kilimo na bwana wilaya, ikapita kwa sultani wa Uluguru na watendaji wake, ikaishia kwa mtu mwenye jembe.

Tatizo la kwanza lilikuwa la udongo wenyewe. Upande wa mashariki hupata mvua nyingi kuliko magharibi, na mahali pengi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukikata tuta pana kwenye mteremko mkali, unafukia udongo mzuri na kuuleta juu ule usiozaa. Mkulima aliyefanya kazi ngumu kwa wiki kadhaa aliona mazao yake yakipungua. Penye mvua kubwa, tuta lililoshika maji mengi liliweza kuporomoka lenyewe. Mgeta hali ilikuwa tofauti. Mboga zilikuwa na soko, shamba dogo lililotunzwa vizuri lililipa, na tuta likawa na maana kwa aliyelikata.

Tatizo la pili lilikuwa la ardhi na ukoo. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi kwa desturi ilikuwa mikononi mwa koo hizo. Mtu hulima kipande alichopewa kwa kuwa ni mtoto wa ukoo fulani, na mjomba ana neno katika jambo hilo kuliko baba. Sasa akaja mgeni anayepima mashamba, anaamuru kazi, anaandika majina. Watu waliuliza kama ardhi ikishatengenezwa itabaki yao. Katika nchi ambayo walowezi walikuwa wamekwisha kuchukua mashamba mahali pengine, swali hilo lilikuwa la busara.

Hawakuwa peke yao. Mwaka 1945 wananchi wa Upare waliandamana kupinga kodi ya mbiru, na wanawake wakawa mstari wa mbele. Mwaka 1951 familia za Wameru zilihamishwa kwa nguvu kupisha walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akalifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Usambara nako matuta ya kulazimishwa yalizaa chuki. Uluguru ililipuka Julai 1955, mwaka mmoja tu baada ya chama cha TANU kuasisiwa. Baada ya vurugu za Matombo serikali ililegeza, na shuruti ya matuta ikaachwa.

Maswali matatu

Mwalimu anaweza kukisimulia kisa hiki kwa dakika kumi: mkoloni alikuwa mbaya, wananchi wakakataa, tukapata uhuru. Kila kipande cha sentensi hiyo kina ukweli ndani yake. Lakini mwanafunzi akitoka darasani na sentensi hiyo pekee, hana chombo cha kupimia jambo jingine lolote. Nashauri apewe maswali matatu, ayaandike nyuma ya daftari: nani aliamua, nani alishika jembe, nani alikunywa maji?

Swali la kwanza linafunua kwamba aliyetoa amri hakuwa Mzungu peke yake. Kabla ya ukoloni Waluguru hawakuwa na mtawala mmoja wa milima yote. Wakuu wa koo walisimamia ardhi, na watu kama Kingalu wa Kinole waliheshimiwa kwa uwezo wa mvua. Waingereza, kwa mfumo wao wa kutawala kupitia wenyeji, waliweka usultani juu ya koo hizo. Sultani akalipwa mshahara, na kwa hiyo akawajibika kwa aliyemlipa. Aliyewatoza faini wakulima mwaka 1955 mara nyingi alikuwa Mluguru mwenzao.

Hapa mwanafunzi anakutana na mtu asiyeingia kwenye orodha ya mashujaa wala ya wabaya. Patrick Kunambi alikuwa mmoja wa watu 17 walioasisi TANU Julai 7, 1954, na katika miaka hiyo hiyo ya 1950 alishika madaraka katika utawala wa wenyeji wa Uluguru. Mtu mmoja alisimama ndani ya chama kilichodai uhuru na pia ndani ya mfumo uliotekeleza amri za mkoloni. Mwalimu asikimbilie kumsafisha wala kumtia hatiani. Awaulize wanafunzi mtu mwenye elimu na madaraka, aliyezaliwa ndani ya hali ile, alikuwa na njia zipi mbele yake, na kila njia ingegharimu nini.

Swali la pili linawarudisha waliosahauliwa. Taarifa za serikali za wakati ule zilihesabu urefu wa matuta yaliyokatwa. Hazisemi sana habari za mama aliyelima mpunga na mahindi ya nyumbani, akalea, akateka maji, kisha akaongezewa kazi ya tuta. Mwanafunzi akiuliza nani alishika jembe, anagundua kwamba tarakimu za ofisi zina watu nyuma yake. Anajifunza pia kupima maneno. Ofisa aliandika kwamba ni ghasia. Mwandishi wa chama angeandika kwamba ni mapambano. Mwenye duka aliyefunga mlango siku ile huenda angesema ni fujo tu. Wote wanasema habari ya siku moja, na kila neno linaonyesha msemaji alikuwa amesimama wapi.

Swali la tatu ndilo linaloleta historia hadi leo. Kuanzia 2006, mashirika ya CARE na WWF yalisimamia mpango katika kata ya Kibungo Juu, kwenye milima hiyohiyo, ambapo wakulima waliokubali kwa mkataba kukata matuta, kupanda miti na kuhifadhi udongo walilipwa. Miongoni mwa waliochangia malipo hayo ni DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: anayekunywa maji amlipe anayeyatunza.

Matuta yaliyokataliwa 1955 yalikubaliwa nusu karne baadaye. Safari hii kulikuwa na hiari, mkataba na malipo, na mbinu zilichaguliwa kulingana na shamba. Mwanafunzi makini ataendelea kuuliza kama malipo yalilingana na jasho, na kama mama mwenye shamba dogo kabisa alinufaika sawa na mwenye shamba kubwa. Akiuliza hivyo, amefika mahali ambapo hotuba juu ya haki isingemfikisha.

Tunapokuwa sisi wenyewe

Matuta ni kisa kigumu, lakini kina nafuu moja: aliyetoa amri ya juu kabisa ameondoka. Ugumu unaongezeka historia inapotuelekeza kidole.

Mji wa Morogoro ulianza kujulikana katika karne ya 19 kupitia Kisabengo, kiongozi wa Kizigua aliyejenga ngome kwenye njia ya misafara kati ya pwani na bara. Alikuwa hodari wa vita na wa siasa. Alikusanya waliokimbia kwao akawapa ulinzi. Alikuwa pia mtekaji wa watu. Baada yake akatawala binti yake, Simbamwene, na Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji wenye kuta zilizomshangaza. Mwanamke aliyetawala mji wenye ngome ni habari ambayo wasichana wa Morogoro wanastahili kuijua. Lakini ngome ile ilisimama kwenye njia waliyopitishwa watu wakiwa wamefungwa, na wanastahili kulijua hilo pia, katika kipindi hichohicho.

Walimu wengi hukwepa hapa. Ni rahisi kusema biashara ya utumwa ililetwa na wageni kutoka Arabuni na Ulaya, tukaishia hapo. Wageni walikuwa na sehemu kubwa: soko, mtaji na bunduki zilikuwa zao. Lakini misafara ilihitaji watekaji, walinzi, madalali na wenye mji, na wengi wa hao walikuwa wenyeji. Njaa nazo zilifanya watu wawaweke ndugu zao rehani. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tukiwa wepesi kuhesabu dhambi za mkoloni na wazito kuzihesabu za kwetu, mtoto ataliona hilo, na atajifunza kwamba haki ni silaha ya kumpiga mwingine.

Mashamba ya mkonge yaliyozunguka Morogoro yana somo la aina hiyo. Vibarua waliletwa kutoka mbali, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Neno lenyewe ni ushahidi: mtu alipoteza jina, akabaki namba. Wajukuu wa manamba wengi ni wenyeji wa Morogoro sasa. Katika darasa moja anaweza kukaa mjukuu wa manamba, mjukuu wa mnyapara, na mtoto ambaye ukoo wake ulikuwa na ardhi hiyo kabla ya mkonge kupandwa.

Shule iliyofundisha haki waziwazi

Morogoro ina mfano mwingine ambao walimu wachache huutumia ingawa upo mlangoni kwao. Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, na polisi wakawafyatulia risasi. Maelfu ya vijana walikimbilia nje. Serikali ya Tanzania iliipa ANC, chama cha ukombozi cha nchi hiyo, ardhi Mazimbu, kwenye shamba la mkonge lililoachwa, na hapo ikajengwa shule. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 6, 1979. Mwaka 1992 ANC iliikabidhi kwa Tanzania, na leo majengo yake ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako pia husomeshwa walimu.

Shule ile ilikuwa na somo maalumu juu ya maendeleo ya jamii za binadamu, lililowafundisha vijana jinsi ardhi, kazi na madaraka vinavyogawanywa. Vijana walifundishwa sayansi na hisabati kwa kuwa elimu ya ubaguzi ilikuwa imewanyima kwa makusudi. Walilima, walijenga, walifuga. Kwa mtoto aliyeambiwa tangu kuzaliwa kwamba mahali pake ni chini, hiyo ilikuwa elimu ya heshima.

Pamoja na hayo, shule ya chama ilikuwa na mvutano ndani yake tangu mwanzo. Je, kazi ya mwalimu ni kumwandaa mwanafunzi afikiri, au aamini msimamo wa harakati? Vita vinapokuwa vikali, jibu la pili huwa na nguvu, na ni rahisi kulielewa. Lakini kijana aliyekimbia shule iliyomlazimisha kukariri uongo hapaswi kulazimishwa kukariri hata ukweli.

Mazimbu ina sura nyingine ya karibu zaidi. Baadhi ya wanawake wa Kitanzania waliolewa au kuzaa na wapigania uhuru. Uhuru wa Afrika Kusini ulipofika na wageni kurudi kwao, wapo akina mama waliobaki na watoto wakisubiri. Tuliisaidia Afrika Kusini kwa moyo, na tuna haki ya kujivunia. Akina mama hao nao walitoa sehemu yao ya mchango huo. Somo la ukombozi lisilowataja linarudia kosa la ofisa wa kilimo wa 1950: linahesabu matuta, linamsahau aliyeyachimba.

Jeraha ambalo bado bichi

Kipimo cha mwisho ni historia ambayo wahusika wake wako hai. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Migogoro ya aina hiyo imeendelea kuzuka mkoani Morogoro. Katika shule za Kilosa na Mvomero, mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji hukaa dawati moja. Kunyamaza hakuwalindi, kwa sababu nyumbani kila mmoja amekwisha kupewa simulizi yake, na mara nyingi simulizi hizo hazijakutana mahali popote penye amani.

Maswali matatu yanafaa hata hapa, yakipangwa upya. Nani aliamua mipaka ya vijiji, mashamba makubwa na malisho? Nani alipoteza njia ya kufika mtoni mipaka ilipowekwa? Nani alinufaika wakati maskini wawili wakipigana? Hayaondoi wajibu wa aliyeua. Mwalimu lazima aseme wazi kwamba kuua ni uhalifu, awe nani aliyeua. Lakini yanamwonyesha mtoto kwamba mgogoro una chanzo kinachoweza kuchunguzwa, kwa hiyo una njia ya kutatuliwa. Mtoto anayeamini kwamba jirani yake ni mbaya kwa asili hana cha kutatua.

Katika mada kama hizi kuna tahadhari ambazo mwalimu hawezi kuzipuuza. Asimwinue mwanafunzi kuwa msemaji wa kabila lake. Mtoto wa miaka kumi na minne si wakili wa ukoo. Asiwaigizishe watoto utekaji, mauaji au mateso, kwa kuwa mwenye jeraha nyumbani ataumia na asiye nalo atacheka. Aanze na kisa cha mbali kidogo kwa wakati, kama matuta, wanafunzi wazoee kupima ushahidi pasipo hasira, ndipo asogee karibu. Amshirikishe mkuu wa shule na wazazi mapema, si baada ya minong'ono kuanza. Na alete daima shahidi zaidi ya mmoja.

Mashahidi wapo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo cha Dar es Salaam, kabla hakijawa chuo kikuu kamili, walikwenda vijijini kukusanya simulizi za wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kazi ile ilionyesha kwamba kijana mwenye daftari na adabu anaweza kupata yale ambayo nyaraka za Wajerumani hazikuwa nayo. Mwanafunzi wa leo wa Matombo au Kinole anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake: atoe shikamoo, aombe ruhusa, amuulize bibi habari za matuta, kisha amuulize mjomba, kisha alinganishe. Simulizi zikitofautiana, asizitupe. Hapo ndipo kazi ya historia inapoanza.

Mtu atauliza muda utatoka wapi wakati darasa lina wanafunzi wengi na mtihani unasubiri. Ni hoja ya kweli, na mwalimu asibebeshwe lawama peke yake. Mtihani ukidai pointi sita, darasa litafundisha pointi sita. Watunga mitihani wakiweka mbele ya mwanafunzi vipande viwili vya ushahidi vinavyopingana na kumtaka aeleze kwa nini vinapingana, ufundishaji utafuata. Hadi siku hiyo ifike, kipindi kimoja kwa mwezi juu ya kisa kimoja cha mahali hapo kinatosha kuanzia.

Maji ya Ruvu yanaendelea kushuka. Mtoto wa Matombo anaweza kuyaona yakianza, na mtoto wa Dar es Salaam anaweza kuyanywa bila kujua yametoka wapi. Ningependa siku moja wote wawili wafungue daftari la historia wakute maswali hayohayo matatu yameandikwa nyuma, na kila mmoja aanze kuyajibu kutoka mahali alipo.